Cha Lazima na cha Hiari

Fikiri kidogo juu ya kikombe cha chai. Maji na majani hayana budi kuwapo. Ukikosa kimojawapo, utakachokunywa hakistahili kuitwa chai. Maziwa ni jambo jingine. Katika nyumba nyingi za Kenya mgeni akitiliwa chai isiyo na maziwa hushangaa, na pengine hudhani mwenye nyumba yumo katika dhiki. Walakini chai ya rangi ni chai, na wako waipendao kuliko ile nyeupe. Tangawizi nayo ni ya yule aitakaye. Basi ndani ya kikombe kimoja mna daraja tatu: kisichoepukika, kilichozoeleka, na kinachoburudisha. Mpishi huzitenga daraja hizi pasipo kuwaza, maana amezirithi kwa mama yake. Mtu aandikaye programu za tarakilishi hakurithi kitu. Yeye hukaa, hufikiri, huamua. Na uamuzi wake huwafikia watu asiowajua, katika miji ambayo hataiona.

Uamuzi huo ndio ninaotaka kukueleza hapa. Mimi ni mwalimu, wala si fundi wa programu kwa kazi yangu. Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu tulifundishwa kuandaa somo kwa kutenga yale ambayo mwanafunzi hawezi kuendelea asipoyajua, na yale ya kumnogeshea akili tu. Miaka michache baadaye niliikuta kazi iyo hiyo, kwa sura nyingine, ndani ya chumba cha tarakilishi cha shule.

Kwanza yakupasa kujua kwamba programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Aandikaye programu ya kuchora ramani hajisumbui kubuni upya namna ya kufungua picha, wala namna ya kupanga herufi juu ya kioo. Huchukua kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Kazi hiyo hufungwa pamoja ikawa kifurushi, na kifurushi kinachohitaji kingine husemwa kuwa chakitegemea. Kila kimoja huja na mistari michache ya maelezo, na humo hutajwa jamaa zake wote. Jamaa hao nao wana jamaa zao, na hao wana wao, mpaka ukoo unakuwa mrefu kupita ule wa mtu aliyeulizwa habari za babu zake katika posa.

Mfano bora niujuao ni wa Debian. Huu ni mfumo wa tarakilishi utolewao bure, uliojengwa juu ya Linux. Ulianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Leo una vifurushi zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina mtunzaji wake, aghalabu mtu anayejitolea pasipo mshahara. Kanuni za Debian zampa mtunzaji huyo maneno matatu ya kueleza jamaa za kifurushi chake, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuyaita Hutegemea, Hupendekeza na Hudokeza. Neno la kwanza ni kwa kile ambacho pasipo hicho kifurushi hakiwezi kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. La pili ni kwa kile ambacho watu wangekikuta pamoja na kifurushi katika tarakilishi zote, isipokuwa zile zenye hali isiyo ya kawaida. La tatu ni kwa kile kinachoweza kukiongezea faida, lakini kukiacha si kosa hata kidogo. Maji, maziwa, tangawizi.

Kuna na njia ya kando ambayo naipenda sana. Mtunzaji aweza kusema: nahitaji hiki, au chochote kingine kifanyacho kazi hiyo hiyo. Programu itakayo kutuma barua hutaja mpeleka-barua mmoja, kisha huongeza kwamba mwingine yeyote atafaa. Lazima ipo, lakini mtu ameachiwa kuchagua atakavyoitimiza, kama sare ya shule isemayo kiatu cheusi pasipo kutaja duka.

Sasa rudi kwenye neno la pili. Ni nani aliye na hali ya kawaida, na ni nani asiye nayo? Hapa ndipo akili ya mtunzaji inapopimwa. Mtu akaaye katika mji wa Ulaya, mwenye intaneti isiyopimwa na tarakilishi yenye nafasi tele, aweza kuona kwamba vifurushi kumi zaidi si mzigo. Shule yetu ina tarakilishi 18, zilizofanya kazi maofisini kwa miaka mingi kabla ya kutufikia kwa hisani. Intaneti yetu ni ya bando, na bando hununuliwa kwa fedha za wazazi, ambao baadhi yao huleta karo kwa vipande vipande. Mwaka 2023 niliagiza programu ndogo ya kufundishia kupiga chapa. Mfumo ukaniorodheshea msururu wa vifurushi vilivyotaka kufuatana nayo, na nilipokokotoa uzito wao nikaona programu yenyewe haikufika sehemu ya kumi ya mzigo wote. Mlikuwa na sauti, mapambo, na picha za lugha ambazo hakuna mtoto shuleni petu azisemazo. Kuzidisha mzigo huo mara 18 ni kumaliza bando la mwezi.

Bahati njema, mengi katika msururu ule yalikuwa ya kupendekezwa tu. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Februari 2009, mfumo wa Debian huyachukua yaliyopendekezwa pasipo kuuliza. Lakini mwenye tarakilishi aweza kuuagiza usiyachukue. Nikauagiza. Vijana wakajifunza kupiga chapa katika ukimya, na sikumsikia hata mmoja akiyalilia mapambo. Lau mtunzaji angaliviandika vifurushi vile chini ya neno Hutegemea, nisingalikuwa na la kufanya ila kulipa au kuacha.

Usidhani basi kwamba mambo yote yawe ya hiari. Wako wanaosema hivyo, nao hufanana na mtu asemaye kila mwanafunzi ajichagulie masomo yote, hata kusoma na kuandika. Iko programu ndogo iitwayo wget, ya kuleta faili kutoka katika mtandao. Katika Debian, wget hupendekeza kifurushi cha vyeti vya usalama, yaani orodha ya mamlaka ambazo kwazo tarakilishi huhakikisha kwamba tovuti iongeayo nayo ndiyo yenyewe wala si laghai. Kwa nini yapendekeza tu, wala haitegemei? Kwa sababu faili nyingine huletwa kwa njia isiyohitaji vyeti, na kwa sababu wako wasimamizi wenye vyeti vyao wenyewe. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini tazama yatokeayo: mtu abanaye nafasi hukataa yote yaliyopendekezwa, kama nilivyofanya mimi, kisha wget humwambia kwamba haiwezi kuitambua tovuti. Asiyejua sababu hutafuta dawa ya haraka, na dawa ya haraka ipo: ni neno moja la kuiamuru programu isihakiki chochote. Hapo mtu amefungua mlango wa nyumba kwa sababu ufunguo ulikuwa wa hiari. Mimi, ningeulizwa, ningeyaacha maneno ya mtunzaji yalivyo na kuuboresha ujumbe wa kosa, useme wazi ni kifurushi gani kinachokosekana.

Mwaka 2024 palizuka ugomvi unaofaa kusimuliwa. KeePassXC ni programu ya kutunza maneno ya siri. Mtunzaji wake katika Debian aliona kwamba chombo cha kutunza siri hakipaswi kuwa na milango mingi. Akaondoa katika kifurushi cha kawaida uwezo wa kuwasiliana na mtandao na vivinjari, na mwenye kuutaka uwezo huo akaelekezwa kwenye kifurushi cha pili, kilichokamilika. Kwa usalama, hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini watu waliokuwa wakiitumia programu kwa miaka waliamka wakakuta sehemu ya kazi zao imetoweka, wakawalalamikia waandishi wa asili, ambao hawakuwa wamebadili kitu. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hilo ndilo liliufanya ugomvi uwe mkali. Mimi naona kwamba kitu kilichokuwa cha lazima hata jana hakifanywi cha hiari leo pasipo mbiu kupigwa. Maana watu wamekwisha kukijengea maisha yao juu yake.

Madogo nayo yana visa vyake. Machi 2016, katika hazina ya vifurushi iitwayo npm, mwandishi mmoja aliyekasirika aliondoa kazi zake zote. Kimojawapo cha vifurushi vyake, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kujaza nafasi mbele ya neno ili lifikie urefu utakiwao. Vifurushi vingi mno duniani vilikitegemea, vingine pasipo kujua, na vyote vikasimama mpaka wenye hazina walipokirudisha. Mistari 11 ni kazi ya mwanafunzi kwa adhuhuri moja.

Kisa kikubwa zaidi ni cha xz, nami nitakaa nacho kidogo, kwa sababu chaonyesha namna lazima inavyoweza kuingia nyumbani pasipo mtu kuikaribisha. Iko programu iitwayo OpenSSH, ambayo kwayo wasimamizi huingia katika seva kwa mbali. Ni mlinzi wa lango. Programu hiyo yenyewe haina haja na xz, ambayo ni programu ya kubana data ili ichukue nafasi ndogo. Walakini Debian na wenzao kadhaa waliitia OpenSSH kiraka, ili iuarifu mfumo uitwao systemd kwamba imekwisha amka na iko tayari kwa kazi. Habari yenyewe ni fupi kuliko salamu ya asubuhi. Kwa kuituma walitumia kifurushi cha usaidizi cha systemd. Na kifurushi hicho, kwa ajili ya kumbukumbu za matukio zilizobanwa, kilitegemea xz. Hivyo mlinzi wa lango akafungamana na mtu asiyemjua, kwa njia ya rafiki wa rafiki.

Mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina lisilo lake akauona uzi huo. Kwa zaidi ya miaka miwili alijitolea katika mradi wa xz, akafanya kazi njema, akaaminiwa, akapewa ufunguo. Kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mwanzoni mwa mwaka 2024, akapandikiza humo mlango wa siri uliolenga OpenSSH. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu alichokiona. Kilichomshtua ni kwamba kuingia katika tarakilishi yake ya majaribio kulichelewa kwa muda wa kama nusu sekunde, naye hakukubali kupuuza nusu sekunde hiyo. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika matoleo ya Debian yaliyokuwa bado katika majaribio. Toleo lililo imara halikuguswa.

Sasa angalia jambo la somo letu. Kubana kumbukumbu ni kazi halali ya systemd, lakini ni ya wakati wake. Haikuwa sababu ya kumleta xz ndani ya kila programu iliyotaka kupeleka salamu. Waandishi wa systemd, hata kabla ya siri kufichuka, walikuwa wamekwisha kuanza kuyageuza mategemeo ya namna hiyo ili yaitwe pale tu yahitajiwapo. Badiliko hilo likatoka katika toleo la 256, Juni 2024. Na OpenSSH toleo la 9.8, la Julai mwaka huo huo, likajiandikia lenyewe namna ya kupeleka ile salamu, pasipo kukiazima kifurushi kizima kwa ajili yake.

Baada ya kisa hiki wengine waweza kukimbilia kufanya kila kitu kiwe cha hiari. Hesabu itawazuia. Programu yenye kifurushi kimoja cha hiari yaweza kukutwa katika hali mbili: kipo, au hakipo. Ikiwa na viwili, hali ni nne; ikiwa na vitano ni 32; ikiwa na kumi ni 1,024. Mwandishi mwaminifu hupaswa kuijaribu programu yake katika kila hali, na hakuna mwandishi mwenye siku za kutosha kujaribu hali 1,024. Huijaribu ile iliyo kamili, na pengine ile tupu. Zilizo katikati huwaachia wenye bahati mbaya. Kila neno la hiari ni ahadi, nayo yagharimu.

Mambo haya niliyaona kwa macho mwaka 2024, pale wanachama wa chama cha tarakilishi shuleni petu, wengi wao wa Kidato cha Tatu, walipoandika programu ya kumsaidia mkutubi kujua nani ameazima kitabu gani. Waliiandika kwa lugha ya Python, ambayo huja na hifadhidata ndogo ndani yake. Kwa hiyo kuandika jina, kitabu na tarehe hakukuhitaji kifurushi chochote cha nje. Kisha binti mmoja, mwepesi wa akili kupita wote, akaongeza michoro ionyeshayo vitabu vinavyopendwa kila mwezi. Kwa michoro alitumia kifurushi cha matplotlib, nacho huja na kaka zake: numpy, pillow na wengine kadhaa. Akakiandika kuwa cha lazima.

“Hebu niambie, mwanangu,” nikamwuliza, “siku mchoro usipopatikana, kitabu hakiwezi kuazimwa?”

“Kinaweza, Mwalimu.”

“Basi mbona mkutubi azuiwe kuandika jina la mtu mpaka tumpelekee michoro?”

Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu jambo ambalo nalikumbuka hata sasa. “Mwalimu, samahani. Tukiifanya ya hiari, shule nyingine wataichukua programu yetu na hawatajua kamwe kuwa ina michoro. Kisichojulikana na kisichokuwapo, tofauti yake ni nini?”

Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka, kwa kuwa alikuwa amesema yale yaliyowafanya Debian wabadili desturi yao mwaka 2009. Tulikaa saa nzima. Mwishowe michoro ikawa ya hiari, kwa sharti alilolitoa yeye: kitufe cha michoro kisifichwe. Mtu akikibonyeza pasipo kifurushi, huambiwa kwa Kiswahili kinachokosekana ni nini, ukubwa wake ni kiasi gani, na namna ya kukipata. Habari ya ukubwa ilitiwa na kijana mwingine ambaye mama yake huuza bando katika kibanda.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kila Ijumaa nakala ya kumbukumbu hutolewa shuleni katika flashi, ili moto au mwizi asitupokonye zote. Ndani ya nakala hiyo mna majina ya wanafunzi zaidi ya 600 na kila kitabu walichosoma: kijana aliyeazima kitabu cha kuacha pombe kwa ajili ya nyumbani kwao, msichana aliyeazima cha uzazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata pasipo sheria ungeona kwamba flashi iliyoanguka ndani ya matatu si mahali pa habari hizo. Nakala yapasa kufumbwa kwa maneno ya siri, na Python peke yake haina chombo kamili cha kufumbia. Kifurushi cha nje chahitajika.

Kwa kipimo cha kwanza, kifurushi hicho kingekuwa cha hiari, maana kuazima kitabu hakukihitaji. Vijana wengi walisema hivyo, na kwamba kikikosekana nakala iandikwe wazi, kuliko kukosa nakala kabisa. Nilipinga. Mchoro ukikosekana, mtu huona kuwa umekosekana. Ulinzi ukikosekana, kila kitu huonekana kikienda sawa, mpaka siku ya aibu, na aibu hiyo humpata mtoto ambaye hakuulizwa. Tukabishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na sidhani kwamba niliwashinda kwa hoja zote. Mmoja bado husema kwamba moto ni hatari kubwa kuliko mwizi, na hana kosa la kuchekwa.

Tulivyoandika ni hivi: kifurushi cha kufumba si cha lazima kwa programu, lakini ni cha lazima kwa nakala. Pasipo hicho, vitabu huazimwa na kurudishwa kama kawaida, ila nakala haitoki, na ujumbe mwekundu hukaa juu ya kioo ukisema sababu. Tarakilishi tatu kati ya zile 18 ni kuukuu mno, na kifurushi hicho kilikataa kukaa ndani yake. Moja ya hizo ndiyo iliyo juu ya meza ya mkutubi. Basi kila Ijumaa saa tisa mama huyo huhamisha kumbukumbu zake kwa waya wa ndani mpaka chumba chetu, huja mwenyewe na flashi mkononi, huketi katika tarakilishi ya karibu na dirisha, na hunung’unika kwa sauti ya kusikika wakati anapoandika neno lake la siri.